Mpangaji wa Karibu na Mashine

Mwaka wa 1988 huko Kitale, Nyaguthii mwenye nyumba hakumwamini yule mpangaji aliyejichagulia chumba kinachopakana na mashine ya kusaga mahindi, ambacho wengine wote walikikataa kwa sababu ya kelele. Ati aliishi miaka sita ndani ya motaboti, Mombasa hadi Lamu. Mwongo! Vikombe vyake vyote alivifunga kwa kamba, na usingizi aliupata mashine ikinguruma tu.

"Mama, hiyo kelele hainisumbui," alisema bila kumtazama.

Huyu anajificha, Nyaguthii aliwaza, akawa anamchungulia kila siku.

Jumamosi moja mchana mashine ikazimika ghafla. Mpangaji akachomoka chumbani peku, akamsukumia Nyaguthii mtungi mtupu wa plastiki kifuani. "Injini imezima! Shika huu, utaelea! Usiachilie! Mtoto yuko wapi?"

Nyaguthii, asiye na mtoto, aliukumbatia ule mtungi, wala hakuuachilia mpaka mashine iliponguruma tena.