Juma Moja Mnadani

Mwaka huo nilikuwa sikaliki. Nikianza kufua, naacha nguo kwenye karai nakwenda kutazama ndizi. Nikifika migombani, nakumbuka madaftari ya darasa la saba ambayo sijasahihisha. Nikishika kalamu nyekundu, miguu inaniwasha. Miaka ya tisini ilikuwa inaishia, nami nilikuwa na miaka thelathini na minne, mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Nyamira, mama wa watoto watatu, mke wa mzee wa kanisa la Kisabato mwenye ekari moja na nusu ya majani chai. Hakuna aliyenipiga wala kuninyima chakula. Nilitaka kuondoka tu. Kuhama sikutaka, nilitaka juma moja na mume wangu, mahali pasipo na chai ya kuchuma wala kengele ya kugonga, nione kama bado tuna la kuzungumza.

Watu huonea wivu likizo za walimu. Hawajui kwamba shule ikifungwa mwezi wa nne, mvua imeshika na chai inachipuka kama imetumwa, na mwalimu anafunga karatasi ya nailoni kiunoni, anatundika kikapu mgongoni, na kuingia shambani umande ukimlowesha hadi magotini. Mume wangu alizipenda sana likizo zangu, kwa kuwa zilimpa mchumaji asiyedai mshahara. Jambo hilo lilinichoma, na sikuwahi kulitamka.

Badala yake nilimdokezea. Jioni moja nilimwambia kuna watu ambao huenda pwani kupumzika na mabibi zao. Akasema wana bahati. Mara nyingine nikamwambia mgongo unaniuma na kwamba huenda hewa ya mahali pengine ingenisaidia. Kesho yake akaniletea dawa ya kuchua kutoka Keroka, kali, inayonuka hadi kwa jirani. Nilijichua mgongo usiouma kwa muda wa wiki mbili, nikiwa nimenuna, naye akifurahi kwamba dawa imefaa.

Mjini Kisii kulikuwa na duka la vitambaa na sare za shule, la familia ya Kihindi iliyokaa hapo tangu enzi za babu zao. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuagiza sare za shule yetu, kwa hiyo nilifika pale mara kwa mara, na mwenye duka, mama wa makamo aliyebaki mjane, tukazoeana. Alizungumza Kikisii kama mtu wa Suneka, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha moja kwa moja. Binti yake alikuwa ameolewa Uingereza, naye ndiye aliyemletea kompyuta, ile ya kwanza mimi kuiona ikiunganishwa na waya wa simu. Ilikaa chumba cha nyuma, juu ya meza ya cherehani, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi.

Siku moja nikisubiri mafundi wamalize kushona kola, aliniita nyuma anionyeshe. Alisema humo ndani mna mnada. Watu wa nchi zote huweka vitu vyao, na vyumba vya hoteli pia, na anayepanda bei zaidi ya wengine hadi muda uishe ndiye anayechukua. Yeye mwenyewe, akienda kuwaona ndugu zake Gujarati, alikuwa amelala siku mbili Dubai katika hoteli yenye zulia hadi bafuni, kwa bei ya kulala Keroka. Aliniambia haya huku akinimiminia chai ya tangawizi, na mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Nilikuwa natazama orodha kwenye kioo. Katikati ya majina ya miji nisiyoijua nikaona neno Mombasa.

Akanifafanulia. Mume na mke wa Kiingereza walikuwa na haki ya kukaa juma moja kila mwaka katika nyumba fulani ya wageni, kusini mwa Mombasa. Mwaka huo mke alikuwa anapasuliwa nyonga, hawangesafiri, basi wakaliweka juma lao mnadani. Lilikuwa juma la pili la mwezi wa nne, shule zikiwa zimefungwa. Chumba, jiko na veranda. Nikishinda, binti yake angewatumia wenyewe hundi kwa posta kutoka huko huko Uingereza, nami ningemlipa mama yake kwa shilingi zetu. Mnada ulibaki na siku sita.

Siku hizo sita sikulala vizuri wala sikufundisha vizuri. Nilikuwa na pesa za kikundi chetu cha akina mama, zamu yangu ikiwa imefika mwezi huo, na nilikuwa nimepiga hesabu: ningeweza kupanda hadi dola mia moja na hamsini, nauli ya basi ikiwa imewekwa kando. Mume wangu sikumwambia. Nilijiambia nitamwekea karatasi ya nyumba mezani, imeshalipiwa, na hapo atakataaje?

Ijumaa mchana, baada ya masomo, nilifika dukani. Kulikuwa na shida mbili. Ya kwanza ni kwamba mnada ungefungwa Jumamosi saa saba mchana, katikati ya Sabato, wakati ambao mimi hata kiberiti sinunui. Ya pili ilikuwa mimi mwenyewe. Yule mama alinieleza kwamba si lazima niwepo. Ningeitajia kompyuta bei yangu ya mwisho, nayo ingenipigania yenyewe, ikipanda kidogo kidogo kila mtu akinipita, bila kuvuka kiwango changu. Kama wengine wakiishia chini, ningelipa hiyo ya chini.

"Niitajie bei yangu ya mwisho?" nikamuuliza. "Kabla ya kupatana?"

Nimekulia Nyaramba, mwana wa mwuza ndizi. Mama yangu alinifunza kwamba bei ya mwisho hukaa chini ya ulimi, na ukiitoa tu, umechunwa. Nilimwona akinyanyuka na kurudi, akijifanya amekasirika, akiita wateja walioondoka, kwa ajili ya shilingi tano. Nami nimeolewa na mtu ambaye hupatana hata na kinyozi. Sasa mashine ambayo sijui anayekaa nyuma yake ni nani inaniomba niweke moyo wangu mezani. Nikaona huu ni mtego wa wazi. Nikasema dola tisini.

Yule mama aliinua macho kutoka kwenye vitufe. "Tisini ndiyo ya mwisho kweli, mwalimu?"

Nikasema ndiyo. Akanitazama kidogo, halafu akasema, "Mficha uchi hazai," na akaandika tisini.

Jua likatua. Nyumbani chakula cha Sabato kilikuwa kimeshapikwa, viatu vimepakwa rangi, watoto wameoga. Tuliimba, tukasali, na mume wangu akaomba muda mrefu kwa ajili ya wagonjwa. Mimi nilikuwa nawaza tisini.

Asubuhi kanisani nilikaa benchi la tatu upande wa wanawake. Wazee wa kanisa hukaa mbele jukwaani, wakiutazama umati, na mume wangu alikuwa wa pili kutoka kwa mhubiri, mikono juu ya magoti. Mhubiri wa siku hiyo alikuwa mgeni na hakuwa na haraka. Alitupeleka Misri, akaturudisha, akatupeleka tena. Nilijaribu kusikiliza. Nilibana vidole vya miguu ndani ya viatu. Jirani yangu akanipa peremende akidhani nina kikohozi. Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro robo, na kichwani mwangu mtu fulani, popote alipokuwa, alikuwa anaandika tisini na moja. Nikasimama.

Nilitaka waone kama nakwenda chooni. Lakini nilikuwa nimebeba mkoba, na hakuna anayekwenda chooni na mkoba na Biblia. Nilipofika mlangoni niligeuka, sijui kwa nini. Mume wangu alikuwa ananitazama. Hakuweza kunyanyuka, wala mimi sikuweza kumwambia lolote. Nikatoka, nikapanda gari la Kisii nikiwa na nguo zangu nyeupe za Sabato, na kila aliyeniona stendi alijua mimi ni nani na siku ni ipi.

Saa saba kasoro dakika chache nilikuwa chumba cha nyuma cha duka. Yule mama alitoa kitambaa, akaiunganisha simu, na ile mashine ikaanza kulia na kukoroma huku mimi nikizunguka kati ya majora ya vitambaa. Ukurasa ulishuka polepole, mstari baada ya mstari, na nilipoona mnada haujafungwa nilishukuru Mungu, jambo ambalo hata wakati huo nilijua ni kumkosea adabu. Nilikuwa nimepitwa. Bei ilikuwa tisini na mbili na nusu.

"Weka tisini na tano," nikasema.

Akaweka. Tukangoja kioo kijae tena. Nimepitwa, tisini na saba na nusu, hapo hapo. Nikasema mia. Nimepitwa. Kila jaribio lilikula karibu dakika nzima.

"Huyu hayupo hapo, mwalimu," yule mama akasema, bila kuinua sauti. "Amesema yake ya mwisho zamani, akaenda zake. Sasa wewe sema yako."

Niliisikia na nikaielewa. Mkoba wenye mia na hamsini ulikuwa mapajani mwangu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni mia na tano.

Akaandika mia na tano. Tukapitwa kwa mbili na nusu. Nilipomshika mkono nikamwambia aweke zote, mia na hamsini, aweke sasa hivi, aliandika haraka kuliko nilivyowahi kuona akipima kitambaa, lakini ukurasa uliporudi ulisema mnada umefungwa. Mtu fulani, ambaye sitamjua kamwe, alikuwa amelichukua juma langu kwa bei ambayo ningeweza kuilipa nikabaki na chenji.

Yule mama alinipa chai, nikaikataa, nikainywa. Hakunicheka. Ningefurahi kama angenicheka.

Nilifika nyumbani kama saa kumi na moja. Njiani nilijiandalia maneno: nimemwona mgonjwa, nimeitwa hospitalini. Uongo siku ya Sabato juu ya biashara siku ya Sabato. Nilijua pia kwamba baraza la wazee lingeniita, na kweli liliniita wiki iliyofuata, likanikanya kwa upole ambao uliniuma kuliko ukali. Lakini siku hiyo nilimwogopa mtu mmoja tu.

Alikuwa sebuleni peke yake, bado amevaa tai. Watoto alikuwa amewapeleka kwa mama yake. Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa, hakijaguswa.

"Nilifungua sanduku lako," akaniambia kwa Kikisii, kabla sijaketi. "Nikaona nguo zako zipo."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Mume wangu alidhani nimemwacha. Alikuwa ameshuka jukwaani, akapeana mikono na waumini wote mlangoni kama inavyompasa mzee wa kanisa, akaja nyumbani kuhesabu magauni yangu.

Uongo wote nilioubeba ukanitoka. Nikamweleza kila kitu: duka, kompyuta, Waingereza na nyonga, tisini, mia, mia na tano. Nilingoja aseme juu ya Sabato. Hakusema. Aliniuliza, "Sasa wewe unataka nini?"

Ulimi wangu ulijua kazi yake. Ulikuwa tayari kusema hapana, si kitu, yamepita. "Nataka tuondoke juma moja," nikasema. "Mimi na wewe. Watoto wabaki kwa mama yako na chai wachume watu wa kulipwa."

Akalegeza tai. Akasema mwezi wa nne chai ni nyingi, naijua mwenyewe. Akasema siku tatu angeweza.

"Juma moja."

"Siku nne, na Sabato iwe ndani yake."

Tano ilikuwa imeshafika mdomoni. Tano ingemfurahisha, tungeonekana tumepatana vizuri, na mimi ningekwenda kununa kwenye chai miaka mingine kumi. "Juma moja," nikasema. "Sina nyingine."

Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, zaidi kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake ambao hakuwahi kuufungua. "Basi juma moja," akasema. "Si ungesema?"

Miaka kumi na miwili ya ndoa, na haikuchukua hata muda wa chakula kupoa. Nilianza kulia pale pale kitini, kwa aibu, kwa furaha na kwa hasira juu yangu mwenyewe, siwezi kuzitenganisha hata leo. Yeye akadhani naililia ile nyumba iliyochukuliwa na mwingine. Akanisogezea sahani yangu, akaifunua, akaniambia nile, nyumba za wageni hazijaisha duniani.