Mazishi ya Mikoko

Wakati ule nilikuwa nasoma chuo kikuu, Mlimani, na nilikuwa na majibu ya kila kitu. Nywele zangu zilikuwa nyingi kuliko akili, suruali yangu ya bugaluu ilifagia vumbi lote la Temeke, na nikija likizo kwa shangazi yangu kule Mtoni nilimweleza maana ya ujamaa huku yeye akikuna nazi. Alinisikiliza kwa makini sana. Nikimaliza, ananituma kuni.

Shangazi alitanda uduvi. Yeye na wenzake waliingia majini hadi kiunoni, pale mto unapomwaga maji yake kwenye hori, mkono wa bahari, wakaishika kanga kuukuu pembe kwa pembe, wakaizamisha na kuinyanyua imejaa vile vikamba vidogo kama punje za mchele. Uduvi ulianikwa ukauzwa hadi Chang'ombe kwa watu wa viwandani. Huo ndio ulionisomesha mpaka nikapata majibu yangu. Lakini mikoko ya mdomo wa mto ilikuwa imekatwa, mingine kwa boriti, mingine kwa kuchomea chokaa, pakabaki tope tupu linalometa juani. Uduvi hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Mizizi ilipokwenda, nao ukaenda, na kanga ikawa inanyanyuka na maganda ya ndizi.

Kisha wachoma chokaa wakaomba wapewe mdomo wote wa mto wajenge matanuri. Mwenyekiti wa tawi letu la chama, mtu mpole aliyeogopa ugomvi kuliko njaa, alikuja kumweleza shangazi mwenyewe.

"Bi mkubwa, pale ni patupu. Patupu nitawanyimaje watu?"

"Na pasipokuwa patupu?"

"Pakiwa na mikoko inayoota, hilo jambo lingine. Nakupa mpaka masika yaishe."

Siku hizo Jumapili zilikuwa za kazi za kujitolea, na shangazi aliomba moja. Wanawake wakaokota mbegu za mkoko kwenye miti iliyosalia ng'ambo ya hori: vijiti vya kijani vyenye ncha, ambavyo huanguka vikiwa tayari kuota. Unavichomeka kwenye tope maji yakipwa, basi. Kwa kuwa mimi ndiye msomi, nilipewa kuhutubia. Niliingia topeni na viatu vyangu vya raizoni, vile vya soli ndefu, nikasema "Ndugu wananchi," nikazama hadi magotini. Umma ulishangilia. Sijapata kushangiliwa vile tena, hata siku ya shahada.

Kazi ilikuwa imeanza vizuri watani walipofika. Majirani zetu waliohamia kutoka kusini, wachonga vinyago na makuli wa bandarini, walikuwa watani wetu sisi Wazaramo, na mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu nawe huna haki ya kununa. Msibani haki hiyo huongezeka: anaweza kulala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Kinara wao alikuwa mchonga vinyago mmoja mwenye kitambi na sauti ya king'ora cha kiwanda. Alitutazama tulivyoinama tukifukia vijiti, akajishika kichwa.

"Mnazika!" akapiga yowe. "Mnazika umati wote huu, na watani hamkutupa taarifa!"

Akajibwaga chali kwenye tope, mahali hasa pa safu inayofuata. Wenzake nao wakajibwaga kando yake wakilia kwa kwikwi. "Maskini marehemu! Mwembamba hivi! Nyie hamkuwa mnamlisha!"

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi niliyatazama maji. Yalikuwa yameanza kujaa, na vikapu vilikuwa bado na mbegu tele. Nikamweleza mchonga vinyago kwamba mila za namna hii zinakwamisha maendeleo ya umma.

"Na huyu mwenye nywele," akasema bila kufumbua macho, "mbona mmemzika nusu?"

Shangazi akaja, tope limemfika mapajani. "Tokeni hapo, nyie wala panya!"

"Hatutoki, nyie wacheza ngoma! Mihogo inawazeekea shambani, nyie mnakata viuno tu. Tunataka haki yetu!"

Shangazi akachukua sinia zima la maandazi, chakula chetu sote cha mchana, akalitua juu ya kitambi cha mchonga vinyago. "Haki yenu hiyo. Mmeridhika?"

"Tumeridhika, mtani."

"Na huu ni msiba?"

"Msiba mzito!" akajibu, andazi limemjaa mdomoni.

"Basi mtani akishapewa haki yake, yeye ndiye mchimba kaburi. Zikeni. Maji hayo yanakuja."

Akaacha kutafuna. Angekataa, angetaniwa mpaka uzeeni, na alilijua hilo. Akainuka, akakunja suruali, na makuli wake wakashika vikapu. Walichomeka mbegu kwa kasi ya watu wanaoshusha mizigo ya meli, wakiziomboleza moja moja. "Huyu alikuwa anakoroma!" "Huyu shemeji alikuwa mchoyo!" Vikapu vilikwisha maji yakitugonga magoti.

Jumapili iliyofuata tawi likatupeleka kuzibua mitaro, na mikoko ingesahaulika kama yalivyosahaulika mengi ya kujitolea. Lakini msiba hauishi kwa kuzika. Watani walirudi kuulizia matanga. Shangazi akapika, wakala, na wakishakula ilibidi wakawatazame marehemu. Wakakuta kaa wametafuna baadhi, wakachomeka wengine. Arobaini wakaja na ngoma, wakala, wakachomeka tena.

Masika yakapiga. Mto ulishuka mwekundu ukasomba safu zote za mbele. Nilimkuta shangazi amekaa juu ya kinu, mikono mapajani, hafanyi kitu, na kwa shangazi huo ulikuwa ugonjwa. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kumfariji, yote yakawa ya Mlimani. Mchonga vinyago akachungulia uani.

"Mtani, kuna waliofariki mara ya pili. Bandika chungu."

Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi, akabandika.

Mvua zilipokwisha mwenyekiti alikuja kukagua akiongozana na mwakilishi wa wachoma chokaa. Mikoko ilikuwa imefika gotini, kila mmoja na majani mawili matatu yanayong'aa.

"Hivi ni vijiti tu," alisema mwakilishi, akapiga hatua mbele.

"Ndugu!" king'ora cha mchonga vinyago kikalia. "Unatukanyagia marehemu wetu?"

Nyuma yake walisimama makuli wa mtaa mzima. Mwenyekiti alipima pande zote mbili aone ni upi wenye ugomvi mdogo. "Hapa si patupu," akasema. "Tanuri litafutiwe kwingine."

Uduvi haukuwa na haraka. Nilikuwa nimekwisha ajiriwa, nimenyoa, nimepewa hata meza ya ofisini, siku shangazi aliponiita nikashike pembe ya kanga kwa kuwa mwenzake mmoja anaumwa. Tulizamisha, tukangoja, tukanyanyua. Katikati ya kanga kulikuwa na kitu kidogo cha kijivu, konzi moja hivi, kinarukaruka. Wanawake walipiga vigelegele mpaka watu wakatoka majumbani. Nami nilitaka kusema jambo juu ya siku hiyo, nikalegeza mkono.

"Shika, baba!" shangazi akanipigia kelele. "Utazungumza nchi kavu!"

Nikashika.