Krismasi Shangazi Alipoimba Roki

Ukiiacha barabara ya lami ukashika ile ya vumbi, ukavuka daraja la mbao na kukipita kiwanda cha matofali kilichofungwa, utaanza kujiuliza kama umepotea. Hapo ndipo utakapoiona baa. Haina kibao. Ina ukuta wa bluu, paa la bati, meza chache zinazoyumba kwa sababu sakafu yenyewe imepinda, na nyuma ya kaunta yupo mwanamke mnene ambaye wateja wote, hata waliomzidi umri, humwita Shangazi.

Baa hiyo aliachiwa na marehemu mumewe. Watu walisema haitamaliza mwaka, na wengine waliosema hivyo hadi leo wanakunywa humo. Shangazi hana haja ya mlinzi, maana ana sauti. Akimkaripia mlevi, mlevi huyo hunyooka na kutafuta kofia yake. Mgeni akimsikia akiita kuku nyuma ya nyumba kabla hajamwona, hudhani kuna askari mstaafu anayefuga.

Sauti hiyohiyo ndiyo iliyowahi kumliza. Alipokuwa msichana wa shule alijiunga na kwaya. Mwalimu alimsikiliza mstari mmoja, akamtoa kwenye safu ya wasichana na kumpeleka kwenye safu ya wavulana. Wavulana wakacheka mpaka mazoezi yakavunjika, na tangu siku hiyo kazi yake kwenye kwaya ikawa kupanga viti. Hakuimba tena mbele ya watu. Aliimba jikoni akiosha glasi, mlango umefungwa, na hata humo aliimba kwa mdomo uliofumbwa.

Kila Krismasi, mtoto wa kaka yake huja kupiga muziki kwenye baa hiyo. Ni fundi wa magari, na jina lake la gereji ni Spana. Yeye hupiga gitaa na kuimba, rafiki yake seremala hupiga ngoma, na mwalimu mmoja wa hesabu hupiga gitaa la besi huku amekunja uso kama anayesahihisha mitihani. Muziki wao ni roki. Mjini hawapati pa kuupigia kwa sababu ya majirani. Kwa Shangazi jirani wa karibu ni kile kiwanda kilichofungwa, nacho hakijawahi kulalamika.

Mwaka huo, Spana alipokuja miezi kadhaa mapema kupanga mambo ya sikukuu, Shangazi alifuta kaunta kwa muda mrefu, mahali ambapo hapakuwa na cha kufuta.

“Safari hii nina wimbo,” alisema.

“Tukupigie upi, Shangazi?”

“Nataka kuuimba.”

Spana hakucheka. Alimtazama, akajikuna kidevu na kusema, “Nitakuletea kaseti.”

Akaileta. Wimbo ulikuwa wao wenyewe, waliourekodi gerejini, juu ya mtu ambaye gari lake limekufa njiani naye ameamua kurudi kwao kwa miguu. Shangazi aliitia kaseti kwenye redio ya jikoni, ile iliyokaa karibu na jiko miaka yote hadi pembe yake ikayeyuka kidogo. Akaisikiliza asubuhi akichambua mchele na jioni akipanga kreti. Wimbo ulimwingia kama maji kwenye mchanga. Ulikwenda taratibu, ulishuka chini kabisa, na kila ulipofika chini ulimkuta yeye yupo tayari, anausubiri. Kwa mara ya kwanza alifumbua mdomo. Alijiambia kwamba akiweza kuuimba mara moja tu mbele ya watu, basi atakuwa ameimba. Akishindwa, hata jikoni hataimba tena.

Habari hazina miguu lakini zinafika. Siku moja kabla ya sikukuu alikuja wifi yake, mama yake Spana, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usiopumzika.

“Wifi, nasikia unaimba.”

“Umesikia vizuri.”

“Mbele ya watu?”

“Na mbuzi wakija tutawapa viti.”

“Basi mimi nitakaa mlangoni. Aibu ikizidi, nitoke na heshima ya ukoo.”

“Kaa mbele, wifi. Macho yako siku hizi yanakusumbua.”

Walicheka wote wawili, kwa kuwa mawifi wasiotaniana ni mawifi waliogombana. Lakini wifi alipoondoka, Shangazi alibaki ameshika kikombe kitupu.

Siku ya Krismasi watu walianza kufika mapema alasiri, kwa baiskeli, kwa pikipiki, na wengine juu ya tela la trekta wakiwa wamevaa nguo zao mpya na kufunikwa na vumbi lote la njia. Bendi ndiyo iliyochelewa, maana gari lao lilikwama kabla ya daraja. Seremala alipanga kreti tupu, akaweka mbao juu yake, akarukaruka kupima kama zitahimili.

“Shangazi,” Spana akamwita, “tuujaribu wimbo wako hata mara moja.”

“Kujaribu nini? Huo wimbo naujua kuliko ninyi. Fungeni spika zenu.”

Chumba kilijaa hadi waliokaa mbele magoti yao yakagusa spika. Gitaa lilipolia, glasi zilianza kucheza kwenye rafu, na Shangazi akaziteremsha moja moja sakafuni kama anayelaza watoto. Dereva wa trekta alicheza amevaa koti lake mpaka likachanika. Wazee wakatikisa vichwa, si kwa kukataa. Halafu Spana akasema kwenye maikrofoni kwamba mwenye nyumba ana neno, na Shangazi akapanda kreti akiwa bado na kitambaa cha kufutia glasi mkononi.

Seremala akahesabu, muziki ukaanza, na Shangazi akashtuka.

Wimbo ulikuwa unakimbia. Tena ulikuwa juu, juu mno, kama kitu kilichowekwa juu ya kabati, mahali usipofikia. Mahali pa kuingia palipita kabla hajafumbua mdomo. Wakarudia. Safari hii aliingia, sauti ikakwaruza kama meza inayoburutwa, naye akanyamaza. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wa pili. Kule mlangoni wifi alikuwa amesimama, mkono mdomoni, na hakuwa anacheka.

Shangazi alitazama mlango wa jiko. Ungemchukua hatua chache tu, aingie na kuufunga. Akashuka kwenye kreti, akaingia jikoni kweli, na watu wakaguna. Lakini alitoka tena na redio mikononi.

“Huu mnaopiga siujui,” alisema. “Wa kwangu unatembea. Wenu unafukuzwa na mbwa. Sikilizeni.”

Akaiweka redio mbele ya maikrofoni na kubonyeza. Ikatoka sauti nene, nzito, inayojivuta kama ng'ombe anayepanda mlima.

“Huyo nani anayeimba?” mwalimu wa hesabu akauliza.

“Ni mimi,” Spana akasema polepole. “Nikiwa na miaka themanini.”

Baa nzima ikaangua kicheko. Spana aliinama, akaweka sikio kwenye redio, akasikiliza kama anavyosikiliza injini. “Mkanda unaozungusha kaseti umelegea kwa moto wa jiko,” alisema. “Kaseti inajikokota. Shangazi, umejifunza wimbo ambao hatujawahi kuupiga.”

Shangazi aliuelewa msiba wake mara moja. Miezi yote ile alikuwa akiimba na redio mbovu. “Basi endeleeni na vyenu,” alisema. “Nina glasi za kuosha.”

“Subiri,” akasema mwalimu wa hesabu. Alikuwa ameinamia gitaa lake, anatafuta sauti ya kaseti. Akaipata, chini kabisa, na meza zikatetemeka. “Spana, legeza nyuzi zako.”

“Na mimi nipige vipi?” seremala akauliza. “Kama ninayegongea misumari juu ya paa la mtu aliyelala?”

“Hivyohivyo,” akasema Shangazi.

Wakaanza. Wimbo ukaja mdogomdogo, mzito, na alipofika mahali pake Shangazi aliingia bila kuutafuta. Sauti yake ilijaa chumba kuanzia sakafuni. Mtu wa wimbo alitembea kweli, mguu baada ya mguu, akilaani gari lake, akiwakumbuka wa kwao, na hakuna aliyeinua glasi mpaka akafika nyumbani. Spana alijaribu kumsaidia kwenye kiitikio, akashindwa kushuka kule chini, akaacha na kutabasamu.

Kisha kelele zikapasuka. Walitaka tena. Na kwa kuwa koo zilikuwa zimekauka, walitaka na soda, na bia, wote kwa pamoja. Shangazi akaanza kushuka.

“Wewe kaa hukohuko,” wifi akasema. Alikuwa ameshapenya hadi nyuma ya kaunta, anakunja mikono ya gauni. “Imba. Hawa nitawahudumia mimi.”

Alifungua droo moja, akaifunga, akafungua nyingine, akainama chini ya kaunta na kuibuka mikono mitupu.

“Opena imening'inia nyuma ya friji, wifi,” Shangazi akasema kwenye maikrofoni, na seremala akaanza kuhesabu.