Picha za Kwaya Zitumwe kwa Mama Pindo

Mama Pindo hakukubali mshono uliopinda hata kwenye kitambaa cha kufutia meza. Lakini tangu mumewe afariki, alikuwa amekubali jambo lililopinda kuliko yote: picha za mishono ya wateja wake zilipitia kwenye simu ya shemeji yake.

Wawili hao walishonea katika chumba kimoja, kila mmoja na cherehani yake. Shemeji alikuwa na intaneti, yeye hana. Basi wateja walituma picha kwa shemeji, na shemeji akachambua: magauni ya harusi na sare zikabaki kwake, Mama Pindo akasukumiwa zipu zilizokufa na suruali za kupunguza. Akilalamika, anaambiwa ashukuru, maana simu aliyoletewa na dada yake kutoka nchi ya mbali haishiki intaneti. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na wako ndugu wanaopenda utegemee.

Siku moja kiongozi wa kwaya alimkuta peke yake. Walitaka magauni mapya, na walitaka ashone yeye. Kiongozi yule angetuma picha mchana. Asipojibiwa kabla ya jioni, angetafuta fundi mwingine.

"Nitumie kwangu," akasema Mama Pindo. Kwangu gani? Lakini alishasema.

Akapiga moyo konde, akapigia huduma kwa wateja ya kampuni ya simu. Dada aliyepokea akamweleza kwamba simu bado ilikuwa na mipangilio ya mtandao wa huko ilikotoka. Aifute, aiwashe simu upya, kisha aandike mipya. Akamtajia ya kuandika, herufi kwa herufi. Karatasi haikuwepo, chaki ya kushonea ilikuwepo, kwa hiyo Mama Pindo akaandika kwenye kitambaa cheusi kilichokuwa mezani. Simu ikazimwa. Ilipokuwa inajivuta kuwaka, mikono yake isiyojua kukaa bure ikachukua brashi, na kwa mazoea ya kazi ikakisugua kitambaa kile mpaka kikang'aa. Fundi akiona chaki kwenye nguo haulizi, anafuta.

Shemeji aliingia akamkuta ameduwaa na brashi mkononi. Aliposikia kisa, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Shemeji, mambo haya yatakuchosha bure," akasema. "Niachie mimi kama kawaida."

Hasira zilimpanda Mama Pindo mpaka masikio yakawa moto. "Hata kushona kulinichosha," akamjibu. "Nikajua."

Akapiga tena. Akawekewa muziki, akausikiliza wote. Akapokea dada mwingine, naye akaombwa ataje polepole. Safari hii Mama Pindo aliweka spika na kuandika moja kwa moja kwenye simu, herufi moja baada ya nyingine, huku shemeji akijifanya anatunga uzi. Akahifadhi, akawasha data, akangoja. Kimya. Shemeji akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeshinda.

Simu ikalia. Ikalia tena, na tena: picha ya gauni kwa mbele, kwa nyuma, kisha la mikono mirefu.

Shemeji akaacha uzi na kusogea, shingo mbele. Akasema kazi hiyo ni kubwa, haimfai mtu mmoja. "Nirushie na mimi nizione vizuri."

"Kwako zimepita za kutosha, shemeji," akasema Mama Pindo, wala hakuinua macho. Alikuwa anamwandikia kiongozi wa kwaya: *Nimeziona. Njooni kesho niwapime.*