Hatua za Rebeka

Rebeka alipomwomba kaka yake awe mwenzake wa kucheza, Makoye alicheka mpaka akazima mashine ya kuchomelea.

"Mimi fundi wa mageti, nikashike watu viuno?"

"Siyo kiuno, kaka. Ni mgongoni, chini ya bega."

Siku hizo walikuwa wakiishi pamoja Bweri, Musoma, vyumba viwili na karakana mbele. Rebeka alikuwa mpokea wageni katika gesti moja ya mjini, na kila Jumamosi alasiri alikwenda Kitaji, kwenye ukumbi ambamo Mwalimu Getruda, mwalimu mstaafu, alifundisha dansi ya wawili wawili. Darasa lilikuwa limefika kwenye kwikistepu, dansi ya mbio inayotaka miguu myepesi. Wanaume walikuwa hawatoshi. Rebeka aliomba mara tatu. Mara ya tatu Makoye alikuwa Butiama akimfungia mteja geti, akamjibu kwenye simu, "Nikirudi tutaona." Aliporudi alimkuta na homa. Siku ya nne Rebeka akafariki, wakamzika kijijini kwao nje ya Bunda, kando ya shamba la pamba la mama yao.

Baada ya msiba Makoye alianza kusikia miguu. Ilikuwa Jumamosi tu, mnamo saa tisa alasiri, kutoka chumba cha Rebeka ambacho sasa hakikuwa na mtu: hatua moja ya pole, mbili za haraka, moja ya pole, kisigino juu ya sakafu ya saruji. Akizima mashine, kimya. Akiwasha, anaisikia ndani ya mlio. Alikihamisha kitanda cha Rebeka, akakijaza chumba vyuma na makopo ya rangi. Miguu ikaendelea, kana kwamba vyuma havikuwepo. Hakumwambia mtu. Jumamosi moja ya Julai alinawa grisi mikononi, akapanda bodaboda kwenda Kitaji.

Mwalimu Getruda hakumuuliza kilichomleta. Alimsimamisha katikati ya ukumbi akamwanzishia robo mzunguko.

"Mguu wa kulia mbele, pole. Wa kushoto kando, haraka. Unganisha, haraka. Kando tena, pole. Usiruke, Makoye! Huui panya."

Wiki ya tatu wakafika kwenye hatua ya kufunga, ambapo mguu wa nyuma unapita na kujibana nyuma ya wa mbele kama komeo. Alipewa Marieta, fundi cherehani aliyekuwa rafiki wa Rebeka. Kila wakifika hapo waligongana magoti.

"Marieta, mbona unachelewa?" Mwalimu aliuliza. "Hapo hapo kila siku."

Marieta aliinamisha macho. "Nilijifunza na Rebeka, Mwalimu. Wanaume hawakutosha, yeye alikuwaga anacheza upande wa mwanaume. Miguu yake mifupi. Hapo nilikuwaga namsubiri afike."

Makoye hakuuondoa mkono mgongoni mwa Marieta. Walianza tena. Ile nafasi ya kumsubiri Rebeka ilikuwa ya pumzi moja tu, na alipoacha kushindana nayo, mguu wake ulikaa ndani yake bila kugonga kitu.

Tangu hapo alikuwa akiifuata pumzi ile. Wakikaribia kufunga, shingo ilimsisimka. Alihisi mtu mfupi akipita kati yao, amechelewa, anakimbilia. Halafu hatua inafungwa, na mtu hayupo. Kule Bweri miguu ilikoma. Hilo lilimtisha kuliko kuisikia. Kila Jumamosi, kabla ya kwenda darasani, saa tisa ikipita alisimama mlangoni pa kile chumba akiwa ameshika kofia ya kuchomelea, akisikiliza.

Lakini Mwalimu hakuridhika. "Kosa ni kosa," alisema, "hata likiachwa na marehemu." Akawa anamchukua Marieta pembeni, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mwezi wa Oktoba Marieta aliipita ile hatua safi, kama maji. Darasa zima likapiga makofi. Makoye alimwachia mkono, akatoka nje.

Marieta alimfuata barazani.

"Nirudishie mara moja tu," Makoye alisema.

"Nini, kaka?"

"Pale unapomsubiri."

Marieta alijaribu peke yake. Mara ya kwanza alikawia mno. Ya pili alikawia kidogo mno. Ya tatu alisimama kabisa, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Haipo tena. Nikiitafuta naona naigiza. Nisamehe."

"Hujanikosea," alisema Makoye, ila hakuweza kumtazama.

Novemba alikwenda Bunda kumsaidia mama yake kupanda pamba. Mchana walipokaa kupumzika mama alimuuliza, "Hivi Rebeka alikuwa anafanyaga nini Jumamosi huko Musoma? Alikuwa akinipigia simu anahema, anacheka."

Makoye aliona maneno hayatatosha. Alivua mabuti yenye udongo, akasimama uani peku, akainua mikono kama aliyeshika mtu. Akaanza. Pole, haraka-haraka, pole. Alizunguka robo, akafunga, akafika karibu na jiko la nje, akarudi. Mama hakucheka.

"Na yeye alikuwa anasimama wapi?" aliuliza. "Hapo mbele yako?"

"Hapana, mama. Hapa hapa niliposimama mimi. Alikuwa anacheza upande wangu."

Mama aliitazama ile miguu mikubwa ya mwanawe kwa muda mrefu, kisha akamwambia arudie, safari hii asiharakishe.