Kashe Kwenye Karatasi ya Mazoezi

Mimi kazi ya kulea watoto niliijua kabla ya kufundishwa. Ninasema hivyo bila haya, maana kilichonitia haya kilikuja baada ya mafunzo. Kwa miaka tisa nilikuwa nimeosha, nimelisha na kubembeleza watoto katika nyumba moja ya watawa hapa Bukavu, miaka ile ya Zaïre tulipokuwa tunaitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi, hata tukiwa katikati ya ugomvi. Walioletwa kwetu walikuwa watoto ambao mama zao walikufa wakiwazaa. Vijijini hakukuwa na maziwa ya kumpa mtoto wa namna hiyo, basi jamaa walimleta mjini, tukamlea mpaka ajue kutembea na kula bugali, kisha wakaja kumchukua. Hakuna aliyemtupa mtoto. Waliomba tuwashikie, na sisi tukawashikia.

Ili mtoto asisahau watu wake, sisi walezi tulikuwa na desturi yetu ambayo haikuandikwa popote. Siku ya soko, mtu wa ukoo akija mjini kuuza mazao, alipita kwetu. Tulimpa mtoto, akamfunga mgongoni, akazunguka naye uani saa nzima akimsemesha lugha ya kwao. Mtoto alizoea mgongo ule na sauti ile. Siku ya kurudi nyumbani hakulia, na kama alilia, alinyamaza kabla hawajafika barabarani. Hilo hatukulisoma kwenye kitabu chochote.

Kati ya waliokuja kulikuwa na mama mzee mmoja wa kijiji cha Mudaka. Binti yake alikufa akijifungua. Mkwe wake alienda Kamituga kuchimba dhahabu, na tangu siku hiyo hata salamu hakutuma. Alibaki huyu bibi peke yake, na mjukuu wake wa kike aliyekuwa kwetu. Kila Jumatano aliuza maharagi yake kule soko la Kadutu, halafu akapanda kwetu na kitunga kitupu kichwani, miguu imejaa vumbi. Tulimwita koko, kama tunavyoita bibi yeyote. Swahili yake ilikuwa ya soko tu, lakini na mtoto alisema Mashi, lugha ya kwao, na mtoto akamjibu kwa Mashi kabla hajajua kuniomba maji kwa Swahili. Tulikuwa tumepatana: mvua zikiisha, mtoto akitimiza miaka mitatu, anarudi Mudaka.

Ndipo ikaja semineri.

Tulitangaziwa kwamba walezi wote wa nyumba za watoto mjini watafundishwa kwa wiki tatu, katika ukumbi wa parokia. Atakayefaulu atapewa brevet, yaani cheti, na ataitwa agent. Asiyekuwa na brevet ataendelea kufua matambara ya watoto, kama ataachwa aendelee. Mimi niliacha shule mwaka wa nne wa sekondari kwa sababu baba alifariki na wadogo zangu walitaka kula. Sitajifanya mtakatifu hapa: brevet ile niliitaka kuliko kitu chochote mwaka ule. Nilitaka na mimi niwe mtu wa kuitwa kwa jina la kazi yake.

Mwalimu alitoka Kinshasa, abacost, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi, Kifaransa kinateleza. Wiki ya kwanza alitufundisha kuosha mtoto. Alileta mtoto wa plastiki, mweupe, nywele za njano, akamweka kwenye beseni na kutuonyesha namna ya kumshika shingo. Benchi la mbele waliketi wamama waliozaa saba, wanane, na kuzika wengine. Walitazama ile plastiki wakaandika kwenye daftari. Mimi pia niliandika. Wiki ya pili alitueleza kwamba mtoto anahitaji mapendo, akayagawa mapendo yenyewe katika sehemu nne, na tukazishika kwa moyo.

Wiki ya tatu ilikuwa ya fiche. Fiche ni ukurasa mmoja wenye mistari ya kujaza, unaoeleza mtoto ni nani na apelekwe wapi. Mwalimu aliagiza kila mmoja alete dosye moja, yaani faili ya mtoto wa kweli, kutoka nyumba yake, ajaze fiche mpya juu ya mtoto huyo, iwe ndiyo mazoezi ya mwisho. Nilichukua dosye ya yule mtoto wa Mudaka, kwa sababu ndiye niliyemjua vizuri kuliko wote. Unaona ujinga wangu ulipoanzia.

Fiche ilikuwa na mstari wa baba, mstari wa mama, na mstari wa mlezi aliyepewa mtoto na tribunal, yaani mahakama. Koko hakuwa na mstari. Nikanyoosha mkono.

“Citoyen, kuna bibi yake. Anakuja kila Jumatano.”

“Ana karatasi ya tribunal?”

“Hapana.”

“Ana karte ya kutembelea?”

“Anakuja tu. Tunamujua.”

Akageukia ukumbi, anatabasamu. “Citoyenne anasema ‘tunamujua’. Hiyo ‘tunamujua’ tutaiandika kwenye mustari gani?”

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka nao, nisionekane mshamba. Kicheko kile kinaniuma kuliko mengine yote niliyofanya, kwa sababu hakuna aliyenilazimisha.

Basi nikajaza kama alivyofundisha. Mama: amekufa. Baba: hajulikani alipo. Mlezi wa tribunal: hakuna. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba mstari mtupu ni alama ya agent mvivu, kwa hiyo hata pale palipoulizwa juu ya ziara zenye karte niliandika: hakuna. Chini kabisa kulikuwa na visanduku vitatu: mtoto wa kurudishwa, mtoto wa kungojea, mtoto aliyeachwa. Kanuni ilikuwa ubaoni mbele yetu. Ukiandika “hakuna” mara mbili na baba hajulikani, unakwenda kisanduku cha tatu. Nikatia msalaba kwenye cha tatu. Siku mbili nyuma mtoto huyo alikuwa amelala mgongoni mwa bibi yake, mate yakimtiririkia begani.

Kama ningeishia hapo, labda yangeisha. Lakini mwalimu alikuwa na neno lake alilolipenda: “Karatasi bila kashe ni ya kufungia karanga.” Kashe ni ule muhuri wa mviringo, na nchini kwetu wakati ule muhuri ulikuwa na nguvu kuliko mtu aliyeupiga. Saa sita wenzangu walipokwenda kula, mimi nilipanda mbio mpaka nyumba ya watoto. Mtawa mkubwa wa nyumba alikuwa kanisani. Droo ya meza yake nilikuwa na ruhusa ya kuifungua, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikipiga kashe kwenye bon, zile hati za kupokelea maziwa. Nikaipiga juu ya sahihi yangu, ya buluu, imetokea vizuri kabisa. Nikashuka nikipuliza karatasi wino ukauke.

Mwalimu aliishika juu watu wote waione. “Huyu,” akasema, “ameelewa kazi.” Nilipata kumi na nane juu ya ishirini.

Jioni ya mwisho dosye zote zilikusanywa, fiche zikiwa ndani, zikapelekwa kwenye biro, yaani ofisi ya Serikali ya mambo ya watoto, eti zikapangwe vizuri. Niliona yangu ikiwekwa kwenye sanduku la karton. Nikajiambia nitaiulizia nikishapewa brevet. Nikapewa brevet, nikapeana mkono na wakubwa, nikanywa Fanta yangu. Sikuulizia. Kuuliza kungeonyesha kwamba sikuelewa, na mimi ndiye niliyesifiwa kwa kuelewa.

Miezi minne ikapita. Sasa nilikuwa agent, nilikuwa na meza, na wenzangu walinipigia hodi. Koko aliendelea kuja kila Jumatano, mimi nikaendelea kumfungulia mlango.

Siku moja mtawa mkubwa aliniita, barua mkononi. Biro iliandika kwamba mtoto yule, kwa kuwa ameachwa na hana mtu, amepewa bwana mmoja na mkewe, wageni waliokuwa wanamaliza mkataba wao wa kazi na kurudi kwao Ulaya.

“Ni wewe ulijaza?” akaniuliza.

“Ndiyo, ma sœur. Ilikuwa mazoezi.”

“Mazoezi unayapigia kashe ya nyumba?”

Akaniambia niende biro siku ileile nikatengeneze nilichoharibu.

Kule biro karani alifungua dosye, akaitazama fiche yangu kwa muda mrefu. “Document hii ni ya kweli ao ya uongo?”

“Ni ya semineri. Mutoto iko na koko yake.”

“Semineri siioni hapa. Ninaona sahihi na kashe.” Akanisogezea karatasi nyeupe na bic. “Kama ni ya uongo, andika. Andika kwamba wewe, agent breveté, ulidanganya Serikali. Utie sahihi. Na brevet yako utaniletea hapa.”

Hakunipigia kelele. Alisema kwa upole, akangoja. Nilishika bic ile. Nilifikiri wadogo zangu, nilifikiri meza yangu, nilifikiri wenzangu wa ile semineri watakavyocheka. Nikamwambia nitarudi kesho. Sikurudi. Kwa mtawa mkubwa nilisema biro imekataa. Alinitazama, akakunja barua, akaenda kanisani kusali. Na yeye angeweza kushuka mwenyewe mpaka biro. Hakushuka. Lakini dhambi yake si kazi yangu kuihesabu.

Walikuja kumchukua Jumatatu. Walikuwa watu wema, sitawasingizia. Yule bibi wa kizungu alikuwa amemnunulia mtoto viatu vyekundu. Mtoto alipoona anapelekwa kwenye motokari alianza kupiga kelele, akimwita koko kwa Mashi, mara nyingi, mikono yake imeshika kikwembe nilichojifunga. Yule Mzungu akaniuliza kwa Kifaransa mtoto anasema nini. Nikamwambia anaaga. Kisha nikavifungua vile vidole kimoja kimoja.

Jumatano koko akafika. “Mutoto iko wapi?”

“Serikali ilimupeleka Ulaya, koko.”

Serikali, nilisema. Aliketi pale kwenye ngazi, kitunga magotini. Nilingoja alie, na nilitamani alie, kwa sababu mtu anayelia unaweza kumpa maji. Akainua kichwa.

“Wewe ulisoma,” akasema. “Niandikie barua. Andika: mutoto iko na watu. Andika: koko yake hayajakufa bado. Andika nitamufwata kwa mguu mpaka kule, waniambie tu njia.”

Nikaandika. Niliandika vizuri sana, Kifaransa safi, pembezoni nimeacha nafasi kama tulivyofundishwa. Alitia kidole gumba chini. Niliipeleka biro mwenyewe, kwa yule yule karani, nikaiweka mezani bila kumtazama.

Wiki sita alikuja kuuliza jibu. Hakukosa hata Jumatano moja, na kila mara aliwaletea watoto wengine maharagi kidogo, maana alisema hawa nao wana njaa. Walezi wenzangu walianza kukwepa uani akifika. Mimi sikuweza kukwepa, nilikuwa ndiye mwandishi wake.

Wiki ya saba jibu lilikuwa limefika. Tuliketi ngazini, nikafungua bahasha. Hakujua kusoma, ningeweza kumsomea chochote. Nilianza kumtafsiria: biro imepokea barua, biro inamsikitikia, lakini dosye imefungwa na haitafunguliwa tena, kwa sababu hali ya mtoto ilishuhudiwa kwa sahihi na kashe na agent breveté wa nyumba yenyewe, mtu anayemjua mtoto kwa karibu.

“Agent huyo ni nani?” akauliza.

Nilirudia kusoma mstari ule kimoyomoyo. Mtu anayemjua mtoto kwa karibu. Hapo ulimi wangu ukakataa kutafuta jina la mtu mwingine.

“Ni mimi, koko.”

Hakushtuka. Alinitazama usoni, taratibu, kama mtu anayetaka kweli kuelewa kitu, bila hasira hata kidogo, na mimi nilikuwa ninaiomba hasira yake.

“Na zile Jumatano zote,” akauliza, “ulifikiri mimi ni nani?”

“Koko yake,” nikasema.

“Basi ulijua.”

Akasimama, akajifunga kikwembe, akatwika kitunga chake na kuteremka kuelekea Kadutu, maana siku hiyo maharagi yake yalikuwa hayajaisha, na soko lilikuwa bado halijafungwa.