Kilomita Mbili, Kibla Mgongoni

Nilifunga safari ya Chanika kwa ajili ya mdogo wangu Saidi, aliyetaka kumwoa Zainabu na tangu hapo hatukuwa na raha nyumbani. Wazazi wetu hawapo, kwa hiyo posa ilituangukia mimi dada yake, niliye mwalimu wa fizikia, na shangazi Mwanaidi, ambaye huusemea ukoo mzima hata asipoombwa. Kina Zainabu ni watu wa Newala, na kwao mjomba ndiye mwenye kauli. Huyo mjomba alikuwa anaondoka mchana uleule kwenda kwenye korosho zake. Tukimkosa, Saidi angesubiri mpaka msimu uishe, nasi tungekaa tukimsikiliza anavyougulia.

Asubuhi, nyumbani kwetu Mwananyamala, Saidi alitukabidhi kikapu chenye sukari, kanga na barua ya posa. Nyumba ya kina Zainabu hakuijua. Yeye huishia stendi ya Chanika, anaonana na Zainabu hapo, kwa kuwa kwao hajaalikwa na ana adabu zake. Nikampigia mama Zainabu.

"Mkifika mwisho wa lami, pale msikitini, mje huku," akasema. "Kilomita mbili tu, mwanangu."

Nikamshukuru, nikakata simu nimeridhika.

Mwisho wa lami tulifika jua limeshapanda, tukakodi bajaji. Nilichagua barabara pana kuliko zote, nikiamini kwamba watu wa heshima hukaa penye barabara pana. Tukaenda mpaka dereva akapunguza mwendo.

"Sista, kilomita mbili ndo hizi."

Mbele yetu palikuwa na shamba la mihogo na mbuzi mmoja. Tukageuza. Tuliporudi msikitini shangazi akachungulia kwenye dashibodi, akaguna.

"Yaani tumeenda kilomita nne nzima."

"Ndiyo, shangazi. Na hatujaenda popote."

Nikaangua kicheko, maana hilo ndilo somo ninalowafundisha watoto wa watu kila mwaka. Kilo za sukari kikapuni ni skala: ukubwa peke yake unatosha, ziwe zinaelekea Chanika au Bunju, chai itakolea vilevile. Umbali tuliozunguka nao ni skala. Lakini kutoka pale msikitini hadi kwa mjomba ni vekta, na vekta bila upande haijakamilika. Shangazi akasema kama ndiyo hayo ninayolipwa kufundisha, basi niyatumie upesi, mjomba anaondoka.

Nikapiga tena simu. "Mama, huku ni wapi?"

"Huku jamani, si nimeshakwambia? Huku."

Hapo nikamwona kabisa, ingawa simwoni: amebinua midomo kuelekea anakotaka twende, kama tunavyoelekezana sote. Simu ilikuwa imetuletea kilomita, midomo imebaki kwake.

"Mama, tukisimama hapa msikitini, kwenu ni upande wa kibla?"

"Hata. Kibla mnaipa mgongo."

Basi, ikawa vekta kamili: kilomita mbili, kibla mgongoni. Tukazunguka ukuta wa msikiti mpaka tukaona kibla ilipo, tukaipa mgongo, tukaikuta njia nyembamba ya mchanga ambayo mwanzoni niliidharau.

Adhuhuri ikikaribia tulimkuta mjomba barazani, viatu mguuni, begi pembeni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nilikuwa naaga."

Alikaa tena, lakini ukingoni mwa kiti. Akaisoma barua, akaikunja. "Maneno ya barua yote hufanana," akasema. "Kijana wenu anampenda binti yetu kiasi gani?"

Shangazi akajiweka sawa kwenye mkeka.

"Kiasi siwezi kukipima, kaka. Upande naujua. Tangu mwaka jana, akitoka kazini, wenzake wanaelekea kwao, yeye anaelekea Chanika. Anafika stendi, anageuza, kwa kuwa hajaitwa."

Mjomba akacheka mpaka akavua kiatu kimoja. "Hilo ndilo nilitaka kusikia. Mkamwambie sasa afike mlangoni."

Vigelegele vya mama Zainabu vilinipata nikiwa nimeshika kikombe cha chai, nikamwaga nusu. Nilifurahi kama ninayeolewa ni mimi.

Jioni tulirudi Mwananyamala. Saidi alikuwa nje, amefagia uwanja ambao huwa haufagii kamwe. Shangazi alimpa jibu kabla hajasalimiwa, na mdogo wangu akaweka fagio chini polepole, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Dada, kutoka msikitini ni mbali?"

"Kilomita mbili."

"Basi karibu," akasema, ameridhika kama nilivyoridhika mimi asubuhi.

Nikamshika mabega, nikamgeuza taratibu mpaka kibla ikawa mgongoni kwake.

"Sasa," nikamwambia, "kilomita mbili."